Vivinjari Kusini ya Likoni

Kenya iliunganishwa na intaneti kamili mwaka 1995, kupitia kituo cha ARCC jijini Nairobi. Agosti ya mwaka huohuo, kule Marekani, Microsoft ilitoa Internet Explorer. Huku Kwale habari hizo hazikumshtua mtu. Wilaya ilikuwa ya minazi, mikorosho, uvuvi na hoteli za Diani. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilikuwa kimefungwa tangu 1988, na simu ya mezani ilikuwa ya ofisi, ya hoteli, na ya wachache wenye uwezo. Hata hivyo, ukitaka kujua kwa nini kijana wa Msambweni leo anabofya Chrome bila kufikiri, na kwa nini kaka yake mkubwa miaka kumi na mitano iliyopita alikuwa akiapa kwamba hakuna kivinjari kama Opera Mini, huna budi kuanzia hapo. Utaona kwamba kwenye mwambao huu wa kusini, aliyelipa bili mara nyingi hakuwa yeye aliyechagua.

Kazi ya kivinjari ni moja. Unakipa anwani, kinakwenda kuuchukua ukurasa kwenye kompyuta ya mbali, kinausoma ulivyoandikwa, kisha kinakuchorea kwenye kioo. Cha kwanza kiliandikwa na Tim Berners-Lee mwishoni mwa 1990 katika maabara ya CERN, Geneva. Kilichowavuta watu wasio wataalamu ni Mosaic, kilichotoka 1993 katika Chuo Kikuu cha Illinois, kazi ya Marc Andreessen na Eric Bina, kwa kuwa kilionyesha picha na maandishi pamoja. Andreessen akaondoka kwenda kuanzisha Netscape, na Desemba 1994 Netscape Navigator ikaingia sokoni na kulitawala. Kisha Microsoft ikaja na silaha ambayo Netscape haikuwa nayo, yaani Windows. Internet Explorer ikawa inakuja na kompyuta, tena bure.

Mchukue meneja wa hoteli moja ya Diani mwaka 1998, ana kompyuta mpya ya Windows. Herufi "e" ya buluu anaikuta imeshakaa kwenye kioo. Akitaka Netscape, itambidi aipakue kwa modemu kupitia laini ya KPTC, shirika la posta na simu la wakati ule. Faili la megabaiti 10 kwa modemu ya kilobiti 28.8 kwa sekunde huchukua dakika 46 laini ikiwa safi kabisa, na nyaya za shaba zilizopita katikati ya minazi na chumvi ya bahari hazikuwa safi. Ikikatika dakika ya arobaini, unaanza upya. Kila dakika inaingia kwenye bili ya simu, na juu ya bili ya simu kuna ada ya kampuni ya intaneti. Nani angejisumbua hivyo kwa ajili ya programu inayofanya kazi ileile ya iliyokuja na mashine? Mei 1998 serikali ya Marekani iliishtaki Microsoft kwa kutumia nguvu za Windows kuwabana washindani, na mawakili wakabishana hadi 2001 kama mteja alikuwa na uhuru wa kuchagua au hakuwa nao. Wangepanda feri ya Likoni wangepata jibu siku moja.

Miaka hiyo huitwa miaka ya vita vya vivinjari. Microsoft ilipotoa toleo la nne mwanzoni mwa Oktoba 1997, wafanyakazi wake walikwenda usiku kusimamisha "e" kubwa mno kwenye nyasi za ofisi za Netscape, na magazeti ya biashara yakapata cha kuchekea. Mwambao wa kusini nao ulikuwa na vita mwaka huo, lakini vya damu. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, ghasia zikaenea hadi Kwale, watu wakauawa, maelfu wakahama makwao. Watalii wa Ujerumani, Uswisi na Uingereza wakaacha kuja, hoteli zikapunguza wafanyakazi, na mengine zaidi ya mishahara yakasubiri. Anayejiuliza kwa nini intaneti ilichelewa kutia mizizi Diani, pahali palipojaa wageni wenye kuihitaji, aikumbuke misimu ile ya vitanda vitupu.

KPTC ilivunjwa mwaka 1999. Simu zikaenda kwa Telkom Kenya, usimamizi ukaenda kwa tume ya mawasiliano, CCK, na saiba, yaani vyumba vya kompyuta za intaneti za kulipia, zikaanza kuchipuka Ukunda, kando ya barabara kuu ya Lunga Lunga na kwenye maduka ya barabara ya ufuoni. Wateja wake hawakufanana. Walikuwako wazee wa Kizungu waliokuja kustaafia Diani, walimu, wanafunzi waliotumwa kuchapa barua za kuomba kazi, na vijana wa ufuoni, wale bichi-boi, waliokuja kusoma barua pepe za marafiki na wachumba walioko Ulaya. Watu wa kamusi na wa maofisi huwacheka hao wa mwisho. Mimi nawahesabu miongoni mwa walimu wa kwanza wa intaneti Kwale, kwani walikuwa na sababu nzito ya kujua Yahoo inafunguliwaje, na wakawafundisha jamaa zao.

Intaneti yenyewe ilipita kwenye setilaiti. Kituo cha kubadilishana data cha humu nchini, KIXP, kilianzishwa Novemba 2000. Telkom ikalalamika, CCK ikakifunga, kikaja kufunguliwa tena Februari 2002. Kabla ya hapo, barua pepe ya kutoka Ukunda kwenda Mombasa, mwendo wa matatu na feri, ilibidi ipande angani hadi Marekani au Ulaya na kurudi ikiwa mwandikaji na mwandikiwa walitumia kampuni mbili tofauti. Kila ukurasa ulikuja kwa kujikokota.

Na kompyuta za saiba zilikuwa na Internet Explorer 6. Ilitoka Agosti 2001, kisha ikaachwa jinsi ilivyo, kwa sababu Microsoft ilikuwa imeshashinda. Netscape ilikuwa imenunuliwa na AOL na kufifia, hakuna aliyebaki wa kuitia Microsoft jasho, na toleo la saba halikuja hadi Oktoba 2006. Aliyepitia saiba za enzi hizo hajasahau madirisha ya matangazo yaliyojifungua yenyewe moja juu ya jingine, safu za vitufe zilizoota juu ya kioo bila kualikwa, na virusi vilivyohama kutoka mashine hii hadi ile kwa flashi. Wenye saiba waliweka programu kama Deep Freeze, iliyoirudisha kompyuta katika hali yake ya awali kila ilipowashwa, ili wasimwite fundi kila wiki. Mteja naye, anayelipa shilingi kwa dakika, alikuwa akimaliza shilingi tatu kwa kufunga matangazo tu.

Firefox 1.0 ilitoka tarehe 9 Novemba 2004. Ilizaliwa na mradi wa Mozilla, ulioanza mwaka 1998 Netscape ilipoamua kuuachia umma msimbo wake. Kule ilikotoka ilipigiwa debe kama ushindi wa programu huria. Wenye saiba wetu walikuwa na sababu zilizo karibu zaidi na mfuko. Ilizuia madirisha ya matangazo, na ilikuwa na vichupo. Vichupo leo havishangazi, lakini kwenye mtandao wa setilaiti uliogawanywa kwa kompyuta za chumba kizima vilikuwa mkombozi. Unafungua Yahoo kwenye kichupo kimoja, na inapojikokota kuja unasoma gazeti kwenye kingine. Dakika ni zilezile, kazi mara mbili. Watu waliiita Mozilla, na mpaka leo kuna wahudumu wa saiba ambao ukurasa ukigoma watakwambia, "Jaribu na Mozilla." Lakini tuseme kweli, hapa pia aliyechagua alikuwa mwenye saiba. Mteja alikaa alipoelekezwa.

Uamuzi ulimfikia mtu wa kawaida mwenyewe kwa njia ya Norway. Opera ilianza 1994 kama utafiti ndani ya Telenor, kampuni ya simu ya nchi hiyo, chini ya Jon von Tetzchner na Geir Ivarsøy, ikawa kampuni inayojitegemea 1995. Kwa muda mrefu ilikuwa kivinjari cha wapenzi wachache. Januari 2006 ikatoa kwa dunia nzima Opera Mini, programu ya Java isiyofika hata megabaiti moja, iliyoweza kukaa kwenye simu ya kubofya. Ujanja wake ulikuwa hivi. Simu haikwenda kuuchukua ukurasa. Ilituma ombi kwa kompyuta za Opera, nazo ndizo zilizoufungua ukurasa, zikazipunguza picha, zikatupa kisichohitajika, zikaubana kwa hadi asilimia 90, kisha zikakutumia kilichobaki. Ni kununua nazi iliyokwisha kufuliwa: makumbi yamebaki shambani, wewe hubebi ila kinacholiwa.

Ili uelewe kwa nini jambo hilo liliwateka watu kutoka Tiwi hadi Vanga, kumbuka intaneti ya simu ilivyouzwa. Ilihesabiwa kwa megabaiti, na asiyenunua bando aliona salio likiyeyuka mbele ya macho yake. Ukurasa wa kilobaiti 500 uliopita kwenye Opera Mini ungeweza kushuka hadi 50. Aliyekuwa na salio la shilingi ishirini alisoma habari, akaangalia matokeo ya ligi ya Uingereza, akaingia Facebook, na bado akabaki na za kutuma ujumbe. Kule Vanga na Lunga Lunga kuna tabu ya ziada, kwani simu hushika mitambo ya Tanzania bila kuulizwa na bei hubadilika ghafla; huko kila kilobaiti ilikuwa na uzito. Picha zikazimwa katika mipangilio. Vijana wakajua kuzisoma kurasa zisizo na sura, maandishi matupu na viungo vya buluu, wakazizoea.

Nayo ilienea kwa njia zake. Kijana aliyekuwa nayo alimrushia mwenzake kwa Bluetooth. Fundi wa simu aliitia pamoja na nyimbo na picha za kioo alizopakua kwenye tovuti ya Waptrick. Ziliingia hata Opera Mini zilizochokonolewa na mafundi wasiojulikana, zenye sehemu za kuandika anwani za siri, zilizodaiwa kumwezesha mtu kuingia mtandaoni bila salio. Baadhi zilifanya kazi wiki mbili hadi kampuni ya simu iligundue tundu. Sizisifu, na nani ajuaye kilichokuwa kimefichwa ndani yake, lakini zinaonyesha jinsi kivinjari kilivyokuwa kimeingia kwenye mazungumzo ya vijana vibarazani. Walilinganisha matoleo kama wanavyolinganisha wachezaji. Toleo la nne lina kasi, la tano lina kioo kizuri lakini linakula chaji. Sijaona kabla wala baada ya hapo watu wa Kwale wakijadili kivinjari kwa hamu hiyo, na ndiyo maana naiita miaka ya takriban 2007 hadi 2013 miaka pekee ambapo mwambao wa kusini ulichagua wenyewe. Ulichagua kwa bei. Ni kipimo halali.

Kulikuwa na gharama isiyoonekana. Kwa kuwa ukurasa ulifunguliwa kwenye kompyuta za Opera kabla ya kuja kwako, usiri kati ya simu yako na tovuti ulikatika hapo katikati. Hata tovuti yenye kufuli ya usalama ilifunguliwa huko, ikasomwa, ikabanwa, ikafungwa upya. Opera haikuficha jambo hilo. Ililieleza kwenye maswali na majibu yake, na ikawashauri wanaotaka usalama kamili watumie kivinjari kizima. Nani alisoma? Kwa matokeo ya mpira haidhuru. Kwa nywila ya barua pepe au akaunti ya benki, mtu alikuwa akimkabidhi mgeni ufunguo kwa imani kwamba hatautumia. Bahati ni kwamba pesa za watu wengi wa huku zilikuwa M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007 na ambayo haikupitia kivinjari chochote.

Juni 2009 TEAMS, kebo ya intaneti ya chini ya bahari, ilitua Mombasa, mwezi uliofuata SEACOM ikawashwa, na 2010 EASSy ikafuata. Zilitua ng'ambo tu ya kivuko. Ungedhani Ukunda ingeamka kesho yake kwenye intaneti ya bei ya chee. Haikuwa hivyo. Waliofaidi kwanza ni kampuni kubwa na Nairobi. Bei ya megabaiti kwa mwenye simu ilishuka polepole, na Opera Mini ikaendelea kutamba miaka kadhaa baada ya kebo kufika. Tena kebo zina adui zake. Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga pasiporuhusiwa na kuikata TEAMS, na nchi nzima ikahisi.

Kilichoiangusha Opera Mini ni simu, hata kabla ya bei. Kuanzia 2011 Huawei IDEOS, simu ya Android ya takriban shilingi 8,000 iliyouzwa na Safaricom, iliwaonyesha Wakenya kwamba simu janja si ya matajiri peke yao. Zikaja Tecno, itel na Infinix, na maduka ya simu ya Ukunda yakabadili rangi. Chrome ya Android ilitoka 2012, na ikawa inakuja ndani ya simu pamoja na Gmail na duka la programu. Herufi "e" ya buluu ilikuwa imerudi, safari hii ikiwa duara la rangi nne. Kwa wanaojali bando kulikuwa na UC Browser ya China, nyepesi na yenye kupakua video kwa haraka, iliyopata wafuasi wengi hadi watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto walipoonyesha Mei 2015 kwamba ilikuwa ikivujisha taarifa za watumiaji. Airtel nayo, pamoja na Facebook, ilileta Novemba 2014 huduma ya bure ya tovuti chache zilizoteuliwa. Kufikia hapo wengi walikuwa wameacha kufungua kivinjari kabisa. Waliishi ndani ya WhatsApp na Facebook, na wakibofya kiungo, ukurasa ulifunguka humohumo ndani ya Facebook, kwenye kivinjari kisicho na jina ambacho hakuna aliyekichagua.

Serikali ndiyo iliyowarudisha kwenye kivinjari. Kaunti ya Kwale ilianza 2013 chini ya gavana Salim Mvurya, na katika miaka hiyohiyo kulipa kodi kukahamia iTax, vyeti na leseni vikahamia eCitizen, nafasi za vyuo zikahamia KUCCPS. Mzazi wa Kinango ambaye hajawahi kugusa kompyuta akajikuta saiba akiomba cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Mwisho wa Juni, siku za kuwasilisha ritani za kodi, saiba hujaa mpaka mlangoni. Kijana wa saiba ndiye karani wa zama hizi, naye amebeba siri za mtaa mzima, kwa sababu Chrome humwuliza kila mara kama ahifadhi nywila, naye hubofya ndiyo ili mteja akirudi kazi iwe rahisi. Wema huo unatisha. Kompyuta moja ya saiba inaweza kuwa na funguo za kodi za wafanyabiashara wa soko zima.

Maofisini kulikuwa na kioja kingine. Mfumo wa fedha za serikali, IFMIS, ambao kaunti zote hulipia kupitia kwake, umejengwa juu ya Oracle, na fomu za Oracle za miaka hiyo zilihitaji Java ifanye kazi ndani ya kivinjari. Chrome ilifuta uwezo huo Septemba 2015, Firefox ikafuata Machi 2017. Kwenye Windows, Internet Explorer ndiyo hasa iliyobaki ikiukubali. Kwa hiyo kivinjari ambacho dunia ilikuwa imekizika kiliendelea kuishi kwenye ofisi za fedha, kikiidhinisha mamilioni, huku afisa yuleyule akisoma magazeti kwenye Chrome pembeni. Microsoft yenyewe ilikizima rasmi tarehe 15 Juni 2022.

Turudi kwa Opera, maana kisa chake hakikuishia kwenye simu za kubofya. Von Tetzchner aliondoka 2011 na baadaye akaanzisha Vivaldi. Mwaka 2016 biashara ya kivinjari ikanunuliwa na wawekezaji wa China. Mwaka 2018 jina la Opera likarudi Kenya likiwa limevaa kanzu mpya: OKash, programu ya mikopo ya simu. Januari 2020 kampuni ya Hindenburg ya Marekani ilitoa ripoti iliyodai kwamba programu za mikopo zenye uhusiano na Opera, OKash ikiwamo, zilitoza riba kubwa mno na kukiuka masharti ya Google, Opera ikakanusha. Wakenya tayari walikuwa wakilalamika kuhusu wakopeshaji wa simu kwa jumla, wanaoingia kwenye orodha ya majina ya mdaiwa na kuwapigia shemeji, mwajiri na hata ustadhi. Pwani, ambako aibu ya deni ni nzito kuliko deni, watu waliumia. Desemba 2021 sheria iliwaweka wakopeshaji hao chini ya Benki Kuu. Funzo nililolipata mimi ni kwamba kivinjari kilichokupunguzia bando jana hakikuwa rafiki yako wala adui yako. Kilikuwa bidhaa, na bidhaa hubadilisha mmiliki.

Sensa ya 2019 iliihesabia Kwale watu 866,820, na ilionyesha kwamba kati ya Wakenya wenye umri wa miaka mitatu na zaidi, asilimia 22.6 tu ndio waliotumia intaneti. Mwaka uliofuata janga la korona likafunga hoteli za Diani, na Julai 2020 Safaricom na Google zikaja na Lipa Mdogo Mdogo, simu ya 4G kwa shilingi 20 kwa siku. Ni mpango mzuri na umewafaa wengi. Lakini simu iliyoletwa na Google inakuja na kivinjari cha Google, hilo halihitaji mganga kulibashiri.

Ulaya waliliona tatizo hilo na kulitungia sheria. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya uliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34 kwa sababu ya masharti iliyowapa watengenezaji wa simu za Android, na tangu Machi 2024 sheria mpya ya huko inalazimisha simu kumwuliza mwenyewe, kwa orodha, anataka kivinjari gani. Sasa fikiria mezani kwenye mkahawa wa Diani. Mgeni kutoka Hamburg simu yake mpya imemwuliza. Mhudumu anayemletea maji ya dafu simu yake haikumwuliza, na haitamwuliza, kwa kuwa Kenya haina sheria ya namna hiyo. Wote wawili wana Android. Huko Marekani, Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria. Ushahidi ulionyesha ililipa dola bilioni 26.3 mwaka 2021 pekee ili iwe chaguo la kwanza kwenye vivinjari na simu. Septemba 2025 akakataa kuilazimisha iiuze Chrome. Mtu halipi dola bilioni 26 kwa jambo lisilo na maana. Kilichowekwa mapema ndicho kinachotumika. Meneja wetu wa 1998 alilijua hilo bila kulipwa.

Wanaodhani wamekimbia Chrome kwa kutumia kingine wajue jambo moja zaidi. Ndani ya kila kivinjari kuna injini inayousoma ukurasa. Opera iliitupa injini yake mwaka 2013 na kuchukua ya Chrome. Microsoft ikafanya vivyo hivyo na Edge Januari 2020. Kivinjari cha Samsung kinaitumia, Brave pia. Majina ni mengi, moyo ni mmoja. Zilizobaki na injini zake ni Safari ya Apple na Firefox. Mwenye nyumba ya wageni Diani anayetengeneza tovuti yake akiitazama kwenye Chrome peke yake ataambiwa na mgeni mwenye iPhone kwamba kitufe cha kulipia hakionekani, na mgeni mwingine hatamwambia, ataenda kwa jirani.

Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika kusini mwa bara, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota kwa siku kadhaa. Chrome ilikuwa imeifuta huduma yake ya kubana kurasa Machi 2022, kwa hoja kwamba data imekuwa rahisi. Labda Nairobi. Opera Mini ingali inabana, na siku kama zile hukumbusha kwamba walioisifu vibarazani hawakuwa wajinga.

Hukumu yangu basi ni hii. Kwa kusoma habari na michezo ukiwa na bando ndogo, Opera Mini bado inafaa, mradi usiingize humo nywila ya pesa wala ya serikali. Kwa eCitizen, iTax na benki tumia kivinjari kizima, na kati ya Chrome na Firefox mimi nachukua Firefox, kwa sababu, kati ya vivinjari vinavyojulikana sana, ndiyo pekee kwenye Android yetu isiyoendeshwa na injini ya kampuni inayouza matangazo, na inakubali programu za kuzuia matangazo, jambo linaloniokolea bando kuliko ubanaji wowote. Ukiwa saiba, mwombe kijana akufungulie dirisha la faragha, akiulizwa ahifadhi nywila abofye hapana, na usiinuke kitini kabla hujatoka kwenye akaunti yako. Na kama simu yako haikukuuliza unataka kipi, ijibu hata hivyo: fungua Mipangilio, kisha Programu, kisha Programu chaguomsingi, uweke kivinjari unachokitaka. Haichukui dakika moja, wala haili bando.